Achana na Wekundu

Kipimo cha Mantoux hakisomwi kwa macho. Sista aliyenifundisha kukisoma, mama wa Kijita aliyekuwa wodi ya kifua kikuu tangu mimi niko shule ya msingi, hakumvumilia mwanafunzi aliyeinama kuutazama mkono wa mgonjwa kabla ya kuugusa. "Achana na wekundu," alikuwa anasema. "Wekundu hata mbu anauleta. Gusa."

Kipimo chenyewe ni kidogo. Unachoma mililita 0.1 ya tuberkulini ndani ya ngozi, upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, na kiuvimbe cheupe kinainuka hapo hapo kisha kinapotea. Mgonjwa anarudi baada ya saa 48 hadi 72. Kama mwili wake umewahi kukutana na bakteria wa kifua kikuu, mahali pale pameinuka na pamekaza. Sista alikuwa anachukua kalamu ya biki, anaiweka nje kidogo ya uvimbe, halafu anaisogeza polepole kuelekea katikati bila kuikandamiza. Kalamu inateleza, inateleza, kisha inagota. Pale ilipogota anaacha alama. Anarudia upande wa pili. Ndipo anachukua rula, anaiweka kukatisha mkono, na milimita zilizoko kati ya alama mbili ndizo zinazoingia kwenye kadi. Pasipo ugumu unaandika 0, hata ngozi iwe nyekundu namna gani. Kwa mtu anayeishi na VVU milimita 5 zinatosha kuhesabiwa. Kwa wengi wengine tunangoja 10.

(Ngozi zetu hizi, wekundu wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi. Vitabu tulivyosomea viliandikwa na watu walioona wekundu kila mahali, na nadhani ndiyo maana walilazimika kusisitiza sana kwamba usihesabiwe.)

Niliwahi kumuuliza kwa nini ugumu. Akajibu kwamba ndivyo kinavyosomwa. Mwalimu wetu wa patholojia ndiye aliyetoa jibu refu: wekundu ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka tu, na mishipa hutanuka kwa sababu nyingi. Ugumu ni seli zenyewe. Seli T zinazokumbuka bakteria zimefika, zimeita makrofaji, zimesongamana mahali pamoja, na fibrini, ile protini inayogandisha damu, imetanda katikati yao. Kwa hiyo mwili ukikaza ngozi kwa namna ile, unatoa ushahidi wa jambo mahususi.

Jibu hilo lilinitosha miaka mingi. Kinga inafanya kazi, tishu inakaza. Ugumu ni matokeo, basi. Swali la kinyume halikuwahi kunijia: tishu ikishakaza, je, seli zilizomo ndani yake zinajua?

Baadaye nilipangiwa hospitali moja kandokando ya Ziwa Victoria, na huko mikono yangu ikapata shule ya pili. Tanzania ni ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa watu wenye kichocho, na kanda ya ziwa ina kile cha tumbo, cha mnyoo uitwao Schistosoma mansoni. Hiki hakitangazi ujio wake kwa mkojo wa damu kama kile cha pwani. Kinapanda taratibu hadi kwenye ini. Wagonjwa walikuja kwa boti kutoka visiwani: wavuvi, akina mama wanaoanika dagaa, vijana wanaoosha pikipiki ziwani huku maji yamewafika magotini.

Kulipapasa ini ni kazi ya subira. Mgonjwa analala chali, magoti ameyakunja ili tumbo lilegee. Unaanzia chini kabisa upande wa kulia, karibu na nyonga, kiganja kimelala, na unamwambia avute pumzi. Anapovuta, kiwambo kinalisukuma ini lishuke, na mkono wako unalingoja. Hakuna kitu, unapanda kwa upana wa kidole kimoja. Avute tena. Hivyo hivyo, mpaka ukingo wa ini unapokuja wenyewe kugonga vidole. Bandama nayo unaitafuta kuanzia kulia chini kwenda kushoto juu, kwa sababu bandama ya kichocho inaweza kuvuka kitovu, na mwenye haraka anayeanzia mbavuni ataweka mkono juu yake na kusema hakuna kitu. Tulifundishwa madaraja matatu ya ugumu, na kila mtu anayo usoni mwake: mdomo, ncha ya pua, paji la uso. Kilicho laini ni mdomo. Kilichokaza ni pua. Paji la uso hutaki kulikuta tumboni mwa mtu.

Nililikuta kwa mvuvi mmoja wa makamo aliyeletwa usiku akiwa ametapika damu. Ndugu zake walikuwa wamechanganyikiwa, maana mtu wao alikuwa mzima. Juzi yake alivuta nyavu. Macho hayakuwa na manjano, mwili haukukonda. Ndivyo kichocho kilivyo: seli za ini zinaendelea na kazi zake miaka na miaka, kinachobanwa ni njia za damu inayoingia. Damu inayotoka utumbo ikikuta njia zimefungwa inatafuta pa kupita pengine, mishipa ya umio inavimba, na siku moja mmoja unapasuka. Mke wake alisimama mlangoni na beseni.

"Dokta, alishameza vidonge vya kichocho. Walituambia amepona."

"Ni kweli, Mama, alimeza. Vidonge vimeua minyoo. Ini lilishakakamaa kabla."

"Sasa kama minyoo imekufa, kwa nini ini halilainiki?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wanafunzi, na usiku ule sikumjibu. Tulikuwa tunatafuta damu ya kumwongezea mumewe.

Sehemu ya kwanza ya jibu ipo kwenye vitabu. Mnyoo jike hutaga mayai kiasi cha 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengi hubebwa na damu hadi kwenye ini na kukwama katika mishipa midogo. Yai lina urefu wa mikromita 140 hivi. Makrofaji, seli ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza, ina mikromita 20 hivi. Haiwezi kulimeza. Basi makrofaji huja nyingi, pamoja na seli T na eosinofili, zinalizingira yai na kulifungia ndani ya kifundo kinachoitwa granuloma. Kuzunguka kifundo seli nyingine za ini, ambazo kwa kawaida hukaa kimya zikitunza vitamini A, hubadilika na kuanza kusuka kolajeni. Kolajeni ndiyo kovu. Vifundo vinapokuwa maelfu, makovu huungana kufuata mishipa ya damu, na ini linapata zile pindo nene nyeupe alizozieleza William Symmers mwaka 1904 kutokana na maini aliyoyaona Misri. Leo pindo hizo tunaziona kwa ultrasaundi, bila kumpasua mtu.

Lakini hiyo haimjibu yule mama. Yai likishakufa na minyoo ikishakwisha, kwa nini seli zisirudi makwao?

Aliyenirudishia swali hilo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesomea biolojia ya seli Uingereza. Tunaongea kwa video Jumapili, shikamoo, marahaba, habari za baridi, habari za bibi, halafu anahamia kwenye kazi yake, na hapo mama yake huondoka kwenye simu. Jumapili moja aliniuliza:

"Mjomba, unajua zile seli zote tulizozisoma vitabuni zililelewa juu ya nini?"

"Kwenye vile visahani vya maabara."

"Vya plastiki. Na plastiki ile ni ngumu kuliko ini lako karibu mara milioni."

Akanipa namba. Ugumu wa tishu unapimwa kwa paskali. Ubongo uko chini ya kilopaskali 1. Ini zima na pafu zima ni kilopaskali chache. Ini lenye kovu zito linafika makumi. Sahani ya plastiki inahesabiwa kwa gigapaskali, na mwilini ni vitu kama mfupa na jino vinavyofika huko. Kwa hiyo kwa miongo mingi tuliziuliza seli za kinga maswali huku tumezikalisha mahali ambapo, kama zina hisia yoyote ya ugumu, zilidhani ziko juu ya mfupa.

Yeye anazilea juu ya jeli. Anachanganya poliakrilamaidi, akiongeza kidogo au kingi cha kile kinachofunga nyuzi pamoja, anapata jeli laini au ngumu anavyotaka, kisha juu ya zote anapaka kolajeni ileile. Kemia inayoguswa na seli ni moja. Kilichobadilika ni jinsi inavyobonyea. Alinisogezea simu kwenye skrini ya hadubini. Juu ya jeli laini makrofaji zilikaa duara, ndogo, kama hazina mpango. Juu ya jeli ngumu zilezile, za panya yuleyule, zilikuwa zimetandaa, kingo zimechongoka, zimenyoosha miguu kila upande na kushika. Kundi la Irvine, California, lilionyesha mwaka 2021 kwamba makrofaji zilizo juu ya kigumu huwa na kalsiamu nyingi zaidi inayoingia ndani na huelekea kwenye hali ya uchochezi. Si kila maabara inapata jibu hilohilo, mpwa wangu aliniambia, inategemea seli imetoka wapi na imepewa nini. Ila hakuna tena anayesema kwamba hazijali.

Namna zinavyojali ndiyo iliyonikosesha usingizi, na niseme wazi kwamba si kitu kimoja. Seli inashika nyuzi za tishu kwa protini zinazopenya utando wake, zinazoitwa integrini. Kwa nje zimeshika kolajeni, kwa ndani zimeunganishwa na misuli midogo ya seli. Seli haisubiri kusukumwa. Inavuta yenyewe, inaachia, inavuta tena, na kwa namna nyuzi zinavyokuja au kukataa kuja, inajua iko wapi. Kwa maneno mengine inapapasa.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha jaribio ambalo nimelisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya ajira. Waliweka seli zinazosuka kovu ndani ya kolajeni, na makrofaji mbali nazo, mikromita mamia kutoka zilipo. Seli za kovu zinapojikunja huvuta nyuzi zinazozizunguka, na mvuto huo unasafiri kwenye nyuzi. Makrofaji ziliuhisi na kuanza kwenda kule ulikotoka. Watafiti walipoweka sindano ndogo na kuivuta kolajeni wenyewe, bila seli yoyote ya kovu, bila harufu yoyote ya kemikali, makrofaji zilikwenda vilevile. Mvuvi wa mshipi, anayekaa mtumbwini na uzi juu ya kidole cha shahada, hahitaji kuelezwa jambo hili. Samaki yuko mita nyingi chini, haonekani, na kidole kinajua kwamba ile haikuwa wimbi.

Na hapa ndipo swali la yule mama linapopata jibu lake la pili. Katika tishu kuna protini iitwayo TGF-beta, ambayo ndiyo amri kuu ya kusuka kovu. Mwili hauiachi izurure. Imehifadhiwa ikiwa imefungwa ndani ya ganda la protini nyingine, na ganda limefungwa kwenye nyuzi za tishu. Seli ya kovu inapolivuta ganda hilo kwa integrini zake, mambo mawili yanaweza kutokea. Nyuzi zikiwa laini, ganda na nyuzi vinakuja pamoja na hakuna kinachofunguka. Nyuzi zikiwa ngumu hazisogei. Ganda linavutwa huku limeshikiliwa upande wa pili, linafunguka, na TGF-beta inatoka. Hili lilionyeshwa mwaka 2007. Maana yake ni kwamba tishu iliyokaza inatoa amri ya kukaza zaidi. Yai lilianzisha, kisha ugumu ukajiajiri wenyewe.

Nilipolielewa hilo nilikumbuka mambo mengi ya wodini ambayo nilikuwa nayachukulia kama ukaidi wa mwili. Makovu ya upasuaji kifuani na mabegani, ambako ngozi inavutwa kila unaponyanyua mkono na kunaota keloidi za kutisha, wakati kovu la ukubwa uleule kwenye kope linalala kimya. Miguu ya matende, kule pwani, ambayo dawa inaua minyoo lakini ngozi inaendelea kuwa nene. Sidai kwamba nguvu za kuvuta na kusukuma ndizo sababu pekee. Nadai kwamba tulifundishwa elimu ya kinga kana kwamba mwili ni chupa ya kemikali, na sindano, vidonge na vipimo vyetu vyote vikafuata chupa hiyo.

Kampeni za UKIMWI zilitupa picha ya seli nyeupe kuwa ni askari wa mwili, na ilifanya kazi yake. Watu walielewa kwa nini wameze dawa. Lakini siipendi tena. Askari wa mabangoni anatazama, anamtambua adui kwa sare, anapiga. Hizi seli hazina macho. Seli T inapokutana na seli inayoishuku, kipokezi chake kinashika kipande cha protini kilichowekwa nje ya seli ile, na kinakivuta. Cheng Zhu na wenzake huko Atlanta walipima mwaka 2014: kwa kipande kisicho na maana, ukivuta kinaachia haraka, jambo ambalo kila mtu angelitegemea. Kwa kipande cha adui halisi, ukivuta kwa nguvu ya pikonyutoni 10 hivi, mshiko unadumu zaidi kuliko usipovuta. Nyutoni moja ni kama uzito wa gramu 100 mkononi. Pikonyutoni ni sehemu moja ya trilioni ya hiyo. Kwa mvuto huo ambao hakuna kidole kingeuhisi, mwili unaamua nani wa kuuawa. Na seli T ya kuua, ikishaamua, huivuta ngozi ya seli inayolengwa ili sumu yake itoboe kwa urahisi.

Mlango wenyewe ambao nguvu inaingilia ulipatikana California, kwa njia ambayo fundi yeyote wa maabara ataipenda kwa uvumilivu wake. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, na Bertrand Coste walikuwa na seli ya panya iliyotoa umeme kidogo kila ilipochomwachomwa na ncha ya kioo. Wakaorodhesha jeni 72 zinazoweza kuhusika, wakawa wanazima moja, wanachoma seli, wanatazama, wanazima nyingine. Iliyonyamazisha umeme ilikuwa ya mwisho kwenye orodha. Walichapisha mwaka 2010, protini wakaiita Piezo1, na Patapoutian akapata Nobeli mwaka 2021 pamoja na David Julius. Piezo1 ina mbawa tatu zinazoukunja utando wa seli. Utando ukivutwa, mkunjo unanyooka, tundu la katikati linafunguka, kalsiamu inaingia.

Imo kwenye makrofaji. Imo pia kwenye chembe nyekundu za damu, na huko ina habari inayotuhusu. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba mtu mmoja kati ya watatu hivi wenye asili ya Afrika ana aina ya Piezo1 inayochelewa kufunga mlango, kwamba chembe zake nyekundu hupoteza maji kidogo, na kwamba kimelea cha malaria hukua kwa shida ndani yake. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwamba mlango uleule ukizidi kufunguka kwenye makrofaji, zinakula chembe nyekundu zaidi ya kawaida na madini ya chuma yanarundikana mwilini. Huenda ninayo mimi. Huenda alikuwa nayo yule mvuvi.

Mimi na mpwa wangu tuligombania pafu. Pafu halitulii, kila pumzi inazinyoosha seli zilizomo na kuzilegeza, mara 12 hadi 20 kwa dakika, usiku na mchana. Mwaka 2019 watafiti wa Yale waliripoti kwamba mnyoosho huo wa kwenda na kurudi, ukipitia Piezo1, ndio unaoziamsha seli za kinga zinapoingia kwenye pafu kutoka kwenye damu. Panya waliokosa Piezo1 kwenye seli hizo walishindwa kuwaondoa bakteria wa nimonia kama wenzao.

"Kwa hiyo," nikasema, "mtu akipumua anaiambia kinga yake iko wapi."

"Endelea kusoma, Mjomba. Panya haohao walipopewa sumu inayoleta kovu kwenye mapafu, walipata kovu dogo kuliko wenzao. Tukipata dawa ya kuufunga huo mlango, makovu yatapungua."

"Na nimonia nani ataitibu?"

Akacheka, akasema wanatafuta namna ya kuifikisha dawa kwenye seli fulani tu, kwa muda fulani tu. Ana miaka ya kuyatafuta hayo. Mimi nina wagonjwa ambao hawana mashine ya kupumulia, na wanaokaa kwenye vijumba vya moshi na kifua kikuu, na sioni haraka ya kuwazibia mlango unaoziambia makrofaji zao kwamba hapa ni pafuni. Tumeacha hapo. Kila mmoja anadhani mwingine atakuja kukubali.

Kazini jambo hili limenibadilisha kwa vitu vidogo. Wanafunzi wangu wanafika wodini wakiwa wameshaona picha za ultrasaundi za mgonjwa kwenye simu, na wengi hawawezi kuniambia bandama yake iko daraja gani. Nimeanza kuwakataza kufungua simu kabla hawajapapasa. Wanalalamika, na wana hoja: picha inaonyesha pindo za kovu ambazo kidole hakitaziona kamwe. Lakini picha haiwaambii ukingo wa ini ulivyokuja kukutana nao, na mtu ambaye hajawahi kuhisi tishu ikikataa hatashangaa kwamba seli nazo zinahisi. Kuna mashine zinazolipiga ini mtikisiko mdogo na kupima kasi ya wimbi, kwa kuwa wimbi hukimbia zaidi kwenye kigumu. Ni nzuri sana kwa homa ya ini. Kwa kichocho zina kasoro yake, maana ugumu umekaa kwenye pindo huku nyama ya katikati ikibaki laini, na namba inayotoka inaweza kumfariji mtu asiyestahili kufarijiwa.

Jambo kubwa zaidi ni vidonge. Miaka mingi prazikwanteli ilikuwa dawa ya watoto wa shule. Mwalimu anasimamisha mtoto kwenye kijiti cha kupimia urefu, kijiti kinasema vidonge vingapi vya miligramu 600, mtoto anakunja uso kwa uchungu wake, jina linatiwa alama. Baba yake, anayesimama majini kila siku, hakuwemo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo: pale ugonjwa ulipo kwa watu 10 au zaidi kati ya 100, wote wameze kila mwaka, kuanzia umri wa miaka 2. Nimekaa kwenye vikao vingi ambapo mabadiliko hayo yalizungumzwa kama suala la usawa, na ni kweli. Mimi nilisimama kuyazungumza kama suala la ugumu. Kijana akitibiwa mapema, mayai yakiwa bado machache, pindo za ini huweza kupungua. Nimeziona zikipungua kwa ultrasaundi, mwaka hadi mwaka. Akichelewa, tishu inakuwa imeshajipa kazi, na kidonge hakina neno la kuiambia. Kwa hiyo swali la nani ameze si zito kuliko la ameze lini.

Na "lini" kwa mvuvi wa dagaa haijapangwa na ofisi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Zamani kwa karabai, siku hizi kwa taa za sola. Mgawaji anayefika kambini katikati ya giza la mwezi atawakuta wanaume wamelala fofofo mchana au hawajarudi kabisa, atawapa vidonge wanawake na wazee waliopo, ataandika asilimia nzuri na kuondoka. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki. Wavuvi wako nchi kavu, wanashona nyavu, wanacheza bao, wamekula wameshiba, na prazikwanteli inataka mtu aliyekula. Nilimweleza mratibu mmoja hivyo. Akaniambia mafuta ya boti yanatolewa kwa robo ya mwaka wa fedha, hayatolewi kwa mwezi wa angani. Nikamwomba tuziweke kalenda zote mbili mezani, na tumeshapata tarehe mbili zinazolingana: moja Novemba, nyingine Februari. Ya Novemba iko Jumamosi, na kwenye visiwa viwili Jumamosi ni siku ya Wasabato, kwa hiyo huko itabidi tulale, tugawe Jumapili.